Kuhusu Nondo, Mbwa Uliyetuletea

Nyumba namba kumi na nne,
Mlango wa uani, nyuma ya karakana.
Alhamisi, tarehe 14 Agosti.

Mpendwa Kaka,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa chini, viatu umevua na chai iko karibu, maana si barua ya kusoma umeegemea boneti huku injini inanguruma. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Wifi aliniambia siku hizi unalala na mto chini ya magoti kama mama mjamzito. Nilicheka sana, halafu nikasikitika. Kaka, wewe ni dereva, si kuli. Wakikuita kusaidia kushusha mizigo, jifanye umelala. Na kile kikohozi cha mtoto wenu wa mwisho, kimekwisha?

Sisi huku ni wazima, ila mimi ni mzima mwenye mkono mmoja uliofungwa bandeji. Usishtuke. Ni wa kushoto, kwa hiyo kuandika naweza. Ninachoshindwa ni kushona, kwa sababu kitambaa hakijisukumi chenyewe chini ya sindano. Cherehani imefunikwa shuka siku ya tano leo na wateja wananuna. Nimelala vya kutosha kwa mara ya kwanza tangu Bonge azaliwe, kwa hiyo hata kidonda kina faida yake.

Bonge ameota meno mawili na anayafanyia majaribio kwa kila mtu. Kasuku ametimiza miaka mitano na hafungi mdomo kuanzia anapofungua macho. Juzi alimuuliza fundi viatu kama alizaliwa na kipara au alikipata kazini. Shemeji yako yupo, anachomelea mageti mchana kutwa, na anasema ukirudi umletee glavu nzuri za ngozi.

Haya, kuhusu mbwa. Najua hilo ndilo ulilolitafuta tangu mstari wa kwanza. Kwenye simu umeniuliza mara tatu kama Nondo yupo, nami nikakujibu yupo, na mtandao ukakata kila mara kabla sijamaliza. Leo hakuna wa kunikatiza, isipokuwa Bonge.

Kwanza nikulaumu kidogo. Siku ile ulipomshusha kwenye lori ulisema, "Mdogo wangu, huyu ni mpole kama kondoo. Alikuwa analinda tu machimbo ya kokoto." Mimi nikamwona shingo imejaa makovu, masikio yamechanika, na mguu wa nyuma una shimo lililopona vibaya. Nikakuuliza ni nini, ukaniambia ni seng'enge. Kaka, seng'enge haina meno manne. Ulijua kwamba yule bosi wa machimbo, Bwana Kokoto kama mnavyomwita, anawapiganisha mbwa shimoni siku za mapumziko. Ulimhurumia ukamtoa kule, na kwa hilo Mungu akuongezee. Lakini ulitakiwa uniambie.

Kwa watu alikuwa mpole kweli. Bonge alimvuta midomo, akamtia vidole puani, naye akafumba macho tu kama mzee anayenyolewa ndevu. Shemeji yako ndiye aliyempa jina la Nondo, kwa ajili ya ile shingo. Wiki ya kwanza yote tulijiona tumepata bahati.

Wiki ya pili nilikuwa nampelekea Mwalimu suruali yake niliyompunguzia urefu. Ni yule mwalimu mstaafu wa nyumba ya nne kutoka kwetu, anayeishi peke yake na kijibwa cheupe kinachoitwa Pamba. Bonge nilimbeba mgongoni, Nondo nilimshika kamba kwa mkono wa kulia. Geti la Mwalimu lilikuwa wazi na Pamba alikuwa amelala kizingitini.

Sikuona hata Nondo alivyoanza. Niliona tu ardhi inakuja. Nilianguka kwa magoti, nikaburuzwa kama gunia, na nilipoinua uso Nondo alikuwa tayari amemdaka Pamba ubavuni na anamtikisa, kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayekung'uta nguo mbichi. Ile sauti aliyotoa Pamba sitaisahau. Bonge naye alikuwa anapiga mayowe ndani ya sikio langu. Mwalimu akatoka na gazeti, akawa anampiga nalo Nondo kichwani huku akisema, "Toka! Mshenzi! Toka!" Mimi nikampiga kwa suruali ya Mwalimu, kwa kuwa ndiyo silaha niliyokuwa nayo. Nondo hakutikisika. Aliachia pale Mwalimu alipomwagia ndoo nzima ya maji usoni.

Pamba alishonwa nyuzi kumi na tisa. Suruali niliirudisha nyumbani kuishona upya.

Sasa sikiliza makosa yetu, maana nayo sitayaficha. Shemeji yako aliamua kumfundisha adabu. Alichukua kipande cha mpira wa maji, na kila Nondo alipomwona mbwa akanguruma, alimchapa. Na mimi nilimchapa, Kaka, usidhani nilikaa pembeni. Baada ya wiki mbili akaacha kabisa kunguruma. Tukatazamana, tukatabasamu, tukasema amepona.

Kumbe tulichoondoa ni mngurumo tu. Siku ya tatu ya huko kupona kwake alimrukia mbwa wa muuza maziwa bila sauti hata moja, akamshika koo. Shemeji yako na muuza maziwa walimvuta hadi mikono ikawachubuka. Maziwa yote yalimwagika barabarani yakachanganyika na damu, na Kasuku akauliza kama hayo ni maziwa ya waridi.

Ndipo shemeji yako akaja na dawa yake ya pili. Wewe unamjua: akiona tatizo, anaona mahali pa kuweka chuma. Alikesha karakanani akatengeneza kifunga-mdomo cha vyuma vilivyochomelewa, ndani akaweka ngozi laini ili kisimchubue. Kazi safi, hata mimi nilimsifu. Nondo alivaa bila ubishi. Kesho yake tukakutana na mbwa koko mmoja wa rangi ya udongo, mnyonge tu, anajipitia zake. Nondo hakuweza kuuma, kwa hiyo aligonga. Alirudi nyuma, akaruka, akamshushia kile chuma mguuni. Mfupa ulivunjika nikausikia. Alipogeuka kumfuata tena alinipitia mimi kwenye muundi, na alama ninayo hadi leo. Tulikuwa tumemfunga meno tukampa nyundo.

Yule koko alikufa baada ya siku mbili chini ya mti wa mtaani kwetu. Nilikuwa nampelekea maji na hakuwa akiyanywa.

Mwenyekiti wa nyumba zetu, yule mkunga mstaafu mwenye sauti, aliniita barazani kwake mbele ya watu. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, nimezalisha nusu ya watoto wa barabara hii. Sitaki kuja kuwashona." Akanipa miezi miwili. Alisema Jumamosi ya tarehe tisa Agosti, ile niliyokutajia kwenye simu kabla mtandao haujakata, atasimama katikati ya barabara na daftari lake. Nondo akipita mbele ya mbwa mwenzake bila kumrukia, atabaki. Akiruka, bwana mifugo ataitwa siku hiyohiyo na sindano.

Shemeji yako alisema bora arudishwe machimboni. "Kule angalau atakuwa hai," akaniambia. Nikamuuliza, hai kwa muda gani?

Kilichonibadilisha si Mwenyekiti. Ni Kasuku. Siku mbili baadaye nilikuwa naanua nguo nikasikia sauti ya baba yake uani, lakini nyembamba: "Umenguruma tena? Umenguruma tena?" Nilichungulia. Kasuku alikuwa amesimama juu ya Bonge, ameshika kile kipande cha mpira, na Bonge ana mstari mwekundu kutoka goti hadi kwenye kifundo. Mtoto hata hakuwa analia. Alikuwa amekodoa macho tu, amebana pumzi.

Sikumpiga Kasuku. Mkono ulipanda, nikauona uko hewani, nikaushusha. Nilichukua mkasi wangu mkubwa wa kukatia vitambaa, nikaukata ule mpira vipande, vipande, mpaka ukawa kama bamia. Baba yake aliporudi alivikuta mezani kwenye sahani.

Nilimwambia, "Katika nyumba hii kupiga kumekwisha leo. Mbwa, mtoto, hata mlango."

Akavisogeza vile vipande kwa kidole, akasema, "Hata mlango?"

"Hata mlango."

Kaka, wewe unaukumbuka mkanda wa baba. Sisi tuliacha kulia, lakini hatukuacha hasira. Wewe ulivunja vioo vya shule, mimi nikawa nang'ata wenzangu. Nilipomtazama Nondo jioni ile nilijiona mwenyewe nikiwa na miaka minane, na sikupenda.

Nilikwenda kwa daktari wa mifugo, dada mmoja mdogo kuliko mimi ambaye ana mikwaruzo mikono yote miwili. Aliniambia maneno ambayo wewe dereva utayaelewa haraka. Alisema, "Kunguruma ni honi. Ninyi mmeng'oa honi mkamwacha na injini." Akaniambia Nondo haendi kupigana kwa sababu ana ubabe. Anaogopa. Kule shimoni mbwa mwingine akitokea maana yake ni maumivu, kwa hiyo amejifunza kuwahi. Na mimi nilipokuwa nakaza kamba kila nionapo mbwa, nilikuwa namwambia kwa mkono wangu kwamba kweli, hatari imefika. Dawa ni kumfundisha jambo jipya: mbwa mwingine akitokea, kinachofuata si kipigo, ni kitu kitamu. Na umbali uwe ule ambao bado anaweza kula. Akikataa kula, tumesogea mno.

Basi nikahitaji mbwa wa kutazamwa. Nikaenda kwa Mwalimu, Bonge mgongoni na bakuli la maini ya kuchemsha mkononi.

"Unataka nikae getini na mgonjwa wangu, ili huyo muuaji wako amtazame?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Amtazame tu?"

"Amtazame, ale maini, tuondoke."

"Na Pamba atakula nini?"

"Nimemletea yake."

"Ungeanza na hilo," akasema, akachukua bakuli.

Kila siku saa kumi na moja alitoa kiti chake, akamfunga Pamba kwenye mguu wa kiti, akafungua gazeti. Mimi nilikuja na Nondo kutoka upande wa pili, kamba imelegea, maini yako kwenye mfuko wa aproni. Siku ya kwanza ilikuwa hatua arobaini. Hapo ndipo mwili wake ulipokuwa mgumu lakini kinywa bado kinapokea. Nilichora mstari barabarani kwa chaki yangu ya kushonea. Akimtazama Pamba, ini. Akimtazama, ini. Dakika tano, nyumbani. Alipokula siku tatu mfululizo bila kukakamaa, nilichora mstari mpya hatua nne mbele. Watoto wa mtaa walidhani ni mchezo, wakawa wanaruka juu ya mistari yangu.

Nakwambia ukweli, nilichoka. Nilikuwa naamka kumnyonyesha Bonge, nashona sare za watu, nachemsha maini, natoka na mbwa, narudi na kuosha vyombo. Siku nyingine nilisinzia nimesimama kwenye mstari. Mwalimu alikuwa hanyanyui macho kwenye gazeti, lakini nikisinzia tu ananiita, "Wewe wa nyuma! Mwanafunzi wako anakutazama." Na kweli, Nondo alikuwa ameanza kunitazama mimi. Akimwona Pamba, anageuza kichwa kunitafuta. Daktari aliniambia hilo ndilo tulilokuwa tunalisubiri.

Tulirudi nyuma pia. Tulipofika hatua kumi na mbili, pikipiki ikapiga mlipuko nyuma yetu. Nondo akaruka juu, akageuka, na kwa kuwa Pamba alikuwa mbali, alichokidaka ni paja langu. Aliuma mara moja tu, akaachia. Damu ilinichuruzika hadi kwenye kandambili. Alipoona ni mimi alilala chini kabisa, akasubiri kipigo. Alifumba macho, Kaka. Nilikaa chini pale barabarani nikamlisha maini yaliyobaki. Kesho yake tulianza hatua ishirini na tano. Shemeji yako alisema nina kichwa kigumu. Halafu usiku uleule akanishonea mwenyewe, kwa mkono, ile nguo iliyochanika, mishono mirefu kama ya gunia. Sijaifumua hadi leo.

Tarehe tisa ikafika. Watu walijaa pande zote mbili, wengine wamebeba viti. Mwenyekiti akasimama katikati na daftari. Mwalimu alivaa ile suruali. Alikuja na Pamba kutoka juu, mimi na Nondo kutoka chini. Moyo wangu ulikuwa unapiga hadi nikahisi unafika kwenye kamba, nikajilazimisha kulegeza vidole, kimoja kimoja. Hatua kumi. Tano. Tatu. Nondo akamtazama Pamba. Masikio yakasimama, yale yaliyobaki. Akageuza kichwa, akanitazama. Nikampa ini. Tukapishana kama watu wanavyopishana dukani. Mwenyekiti akaandika kitu, na mtu mmoja nyuma akapiga makofi.

Ndipo nikasikia pikapu ikifunga breki. Alikuwa Bwana Kokoto, na nyuma alikuwa na mbwa mweusi ambaye hakufungwa.

Lile jitu liliruka kabla gari halijasimama. Lilimpata Nondo sikioni na shavuni, likamwangusha. Watu wakakimbia, viti vikapinduka, Mwalimu akamnyanyua Pamba juu ya kichwa chake. Na Nondo, Kaka, Nondo ambaye alivunja mguu wa mbwa kwa chuma cha mdomoni, hakuuma. Alikuwa chini, sikio linachanika, macho ameyakaza kwangu. Ananitafuta. Ndivyo nilivyomfundisha: akija mbwa, mtazame mama.

Sijui kama unaelewa nilivyojisikia. Mimi ndiye niliyemnyang'anya meno yake. Basi kazi ya kupigana ikabaki kwangu.

Daktari alinifundisha kwamba mbwa wakishikana usipeleke mkono mdomoni, shika miguu ya nyuma uvute kama toroli. Nilishika. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, nikimtukana kwa matusi ambayo sikujua ninayo. Yule mweusi akajipinda, akaniuma kiganja hadi meno yakakutana, akarudi tena kwa Nondo. Sikuachia ile miguu. Nikaona shemeji yako anakuja mbio kutoka karakanani, kinga ya uso bado iko kichwani, amenyanyua chuma. Nikajua atampasua kichwa. Alikuwa na haki hiyo. Alifika, akasimama, nikaona mkono uko hewani kama wangu ulivyokuwa siku ile. Akatupa kile chuma chini. Akavua aproni yake ya ngozi, akamfunika yule mbwa kichwa kizima na kumkumbatia shingo. Kwenye giza lile mbwa akaachia.

Bwana Kokoto alimkamata mbwa wake, akamrusha ndani ya pikapu na kuondoka kwa kasi, kwa sababu Mwenyekiti alikuwa anamjia na kiti. Kiti kiliipata taa ya nyuma. Bibi ana miaka sabini na mbili.

Nondo alishonwa nyuzi ishirini na mbili, nusu ya sikio haikuokolewa. Mimi nyuzi tisa, na nimeshachomwa sindano mbili za kinga ya kichaa cha mbwa, bado nyingine. Kuhusu daftari, Mwenyekiti alipita jioni kutuona. Shemeji yako akamuuliza ameandika nini. Akajibu, "Nimeandika kwamba mbwa abaki. Anayetakiwa kufungwa kamba ni yule wa pikapu."

Sasa Kaka, nikwambie lililonifanya nikae kuandika barua ndefu hivi. Nilikuwa sijajua Bwana Kokoto alifuata nini kwetu siku ile, na alijuaje tarehe.

Alirudi Jumatatu asubuhi, bila mbwa. Nilikuwa mlangoni, Bonge mapajani. Nilimwamkia kwa kuwa ni mkubwa kwangu, akaitikia. Hakuuliza hali ya mkono wangu. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua akanionyesha. Mwandiko ni wako. Umemwandikia kwamba Jumamosi ya tarehe tisa ikifika na mambo yakiwa hayajakaa sawa, aje amchukue, bora arudi kwake kuliko kuuawa.

Najua ulifanya kwa upendo. Nakujua, huwezi kuvumilia kifo cha kuku. Lakini ulimwandikia yeye, hukuniandikia mimi.

"Kaka yako ameniachia," akasema.

"Kaka yangu alimleta hapa mwezi wa tano akaondoka," nikamjibu. "Aliyebaki naye ni mimi."

"Nimemlea mimi huyo, tangu hajafumbua macho."

"Naona. Malezi yako nimeyahesabu mwilini mwake, ni makovu thelathini na moja. La Jumamosi sijalihesabu."

Hapo nikasikia maji yanamwagika nyuma yangu. Nikageuka. Nondo alikuwa amesimama chini ya cherehani, kichwa chote bandeji, miguu imetengana, anajikojolea. Ni ile sauti tu aliyoisikia. Bwana Kokoto naye alichungulia, akamwona, akatazama yale maji yanavyosogea sakafuni. Nilidhani atacheka, lakini hakucheka. Uso ulimwanguka kama mtu aliyeonyeshwa kitu alichokuwa amekisahau mahali.

"Huyo amekwisha," akasema. "Mbwa asiyepigana, dada yangu, utamfanyia nini?"

"Nitaishi naye," nikamwambia.

Nikanyoosha mkono wangu mzima, naye akanipa ile karatasi, akaenda zake. Nikamweka Bonge chini, nikachukua tambara, nikapiga deki. Nondo alinifuata hatua kwa hatua, pua yake imegusa kisigino changu.

Sitakudanganya kwamba mambo yamekuwa mazuri. Jana tulitoka kwa mara ya kwanza, na alipomwona Pamba alitetemeka, akakataa ini. Nimechora mstari upya hatua sitini, mbali kuliko tulikoanza. Mwalimu alikunja gazeti akasema, "Darasa la kwanza tena," na akakisogeza kiti chake nyuma mwenyewe ili kutupa nafasi. Itachukua mwaka, labda zaidi. Daktari anasema huenda asicheze na mbwa mwenzake maisha yake yote. Sihitaji acheze. Nahitaji apite barabarani bila hofu, na mimi nikiwa naye.

Nisalimie wifi, mwambie mto mmoja chini ya magoti hautoshi, aweke miwili. Mbusu mtoto wa mwisho na umwambie shangazi yake anamwombea kifua. Wasalimie madereva wenzako, hasa yule Mnene aliyetuletea mchele safari ile. Shemeji yako anakusalimu, Kasuku anauliza kama lori lako lina choo, na Bonge angekusalimu kama asingekuwa anatafuna kona ya karatasi hii.

Ndani ya bahasha hii utakuta ile karatasi yako. Nimekurudishia. Ukiwa na neno lolote kuhusu mbwa wangu, niandikie mimi.

Mungu akulindie mgongo, breki na huo moyo wako laini, na akurudishe kwetu salama.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokukaripia,

Mama Kasuku